Kumwachilia Maliro

Asubuhi ya siku ya kumi na moja, mlinzi wa hospitali alimzuia Kavuo mlangoni kwa sababu ya viatu. Mvua ilikuwa imenyesha Butembo tangu alfajiri, na udongo mwekundu wa mlimani ulikuwa umempanda mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Mama, na hii matope hauingie," mlinzi alisema. "Mule ni mwa bagonjwa ba hali mubaya."

"Papa, unanijua. Kila siku napita hapa."

"Wewe nakujua. Matope ndiyo siijue."

Watu waliopanga mstari nyuma yake walicheka. Kavuo alikuwa na miaka hamsini na sita, na katika shirika lao, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, ndiye aliyeongoza rozari. Alivua viatu akaviegemeza ukutani, akaenda bombani kuosha miguu, kisha akaingia peku, beseni mkono mmoja, sabuni na kopo la mafuta mkono wa pili.

Mume wake, Léon Maliro, alikuwa amelala chumba cha mwisho. Mpira ulimwingia kinywani ukashuka kooni, na mashini iliyokuwa kando ya kitanda ilimsukumia hewa, ikamwachia, ikamsukumia tena. Hospitali nzima ilikuwa na mashini moja tu ya namna ile. Siku alipoanguka alikuwa kwenye depo ya maganda ya kwinini, anapima magunia kama alivyopima kwa miaka ishirini na miwili. Alisema kichwa kinamuuma, akaketi juu ya gunia, akaomba maji. Maji yalipoletwa alikuwa ameshaanguka.

Kavuo alimwosha uso, kwapa, vidole. Alimpaka mafuta midomoni, kuzunguka ule mpira, kwa sababu midomo ilikuwa inapasuka. Muuguzi Elikia, mwanamke mnene wa Kisangani aliyekuwa na kawaida ya kuwasalimu hata wagonjwa wasiosikia, alimshika bega.

"Mama Antoinette, docteur anakuita ku bureau. Muende na mutoto."

Daktari Éliakim alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Lubero. Alikuwa na tabia ya kuvua miwani kabla ya kutoa habari mbaya. Wauguzi waliijua tabia hiyo. Kavuo alikuwa bado hajaijua. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, binti yake Antoinette akasimama nyuma yake. Daktari akavua miwani.

"Mama, tulimupima tena. Damu yenye ilimwangika ndani ya kichwa iliharibu sana. Yule mutu mulijua, mwenye alikuwa anasema, anacheka, anatambua batoto yake, yule harudie tena."

"Mais anavuta hewa, docteur."

"Mashini ndiyo inamuvutia."

"Na moyo?"

"Moyo yake iko nguvu. Ni moyo ya mutu wa kazi. Ndiyo maana inachukua siku mingi."

Kavuo aliangalia mikono yake. Ilikuwa bado na mafuta. "Donc munataka nini?"

"Sisi hatutake kitu. Niko nakuuliza kama familia inaitika tutoshe ule mupira, tuuondoe mu koo, tumupatie dawa asisikie mateso, na tumuachilie. Ao tuendelee hivi. Kuendelea inawezekana. Mais kuendelea haiko kumuponesha. Na nikuambie hata hii: tukitosha mashini, anaweza kuvuta hewa yeye peke yake, dakika moja, ao masaa. Mutu akiona vile anawaza anarudia. Haiko kurudia."

"Kuko mutu mwingine anangojea ile mashini?"

"Leo hapana. Angekuwako ningekuambia."

Kavuo alisikia kama amenyang'anywa kitu. Kama angekuwapo mtoto wa mtu anayekata pumzi chumba cha pili, angeweza kusema amempa mtoto huyo. Sasa hakuwa na wa kumpa.

Antoinette ndiye aliyezungumza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la pili, na tangu mwaka uliopita alikuwa ameacha kwenda misa. Alisali katika chumba cha maombi cha jirani, pamoja na wanawake waliofunga chakula na kuota ndoto.

"Docteur, unaamini Mungu?"

"Naamini."

"Basi sababu gani unamuharakisha?"

Daktari alivaa miwani yake tena, akaivua. "Dada yangu, siku kumi na moja ni sisi tulimuambia Mungu angojee. Hata mi sijue kama tulifanya muzuri." Kisha akamgeukia Kavuo. "Mwenye kutia sahihi ni wewe, mama, bibi yake wa ndoa. Lakini mi sitatosha mupira familia ikiwa inapigana pa kitanda. Mupatane kwanza."

Mbuzi alikuwa ameuzwa siku ya tatu. Cherehani ya Kavuo iliondoka siku ya sita, shirika likachanga siku ya nane, na bado kila Jumatatu hospitali ilileta karatasi ya deni, facture, iliyokuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Kavuo hakuogopa deni lenyewe. Aliogopa jambo moja: akitia sahihi, watu watasema Maliro alikufa kwa sababu ya falanga, ya kukosa pesa. Na aliogopa zaidi kwamba watakuwa wamesema kweli.

Mchana ule Mardochée alikuja. Ndiye mwenye depo, mnunuzi wa maganda ya kwinini kutoka Alimbongo mpaka Lubero, mtu aliyejulikana mjini kwa gari lake jeupe na kwa sadaka zake kubwa. Alisimama miguuni pa kitanda, leso puani, akamtazama mtu aliyemfungulia depo kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili.

"Haniskie?"

"Docteur anasema haskie, patron," Kavuo alijibu.

"Pole sana." Mardochée alitoka nje ya chumba, Kavuo akamfuata mpaka kwenye varanda. Watu waliokuwa pale walinyamaza ili wasikie. "Mama Antoinette, ile facture achana nayo. Ni yangu sasa. Mwezi moja, myezi mbili, hata myezi tatu, nitalipa. Sipende batu ba Butembo baseme mutu yangu alikufa juu ya falanga."

Kavuo alipiga magoti nusu, kama wanawake wa kwao wanavyoshukuru. "Wasingya, patron. Mungu akubariki."

Alipoinuka alimwona anaitazama miguu yake mitupu. Mardochée aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti moja, akamkunjia kiganjani mbele ya watu wote. "Uuze viatu, mama," alisema, maana yake anunue. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vizuri tu, vinakauka. Lakini kumweleza kungekuwa kumbishia mfadhili. Alishukuru mara ya pili.

Gari lilipoondoka aliketi kwenye ukingo wa varanda. Wanawake waliokuwa wanapika kwa ajili ya wagonjwa wao walimpongeza: una bahati, mama, wengine hatuna mtu kama huyo. Aliitikia kwa kichwa. Tangu siku ya kwanza umaskini ulikuwa umesimama kati yake na kitanda. Alikuwa anauchukia, kumbe alikuwa anajificha nyuma yake. Sasa umaskini ulikuwa umeondolewa. Miezi mitatu. Alijaribu kumwona Maliro baada ya miezi mitatu, midomo ikiendelea kupasuka, vidonda vya mgongoni vikifika mfupani, na yeye mwenyewe akimpaka mafuta. Akaona kwamba jibu lake, kumwachilia, lilikuwa limeshafika, na kwamba halikuletwa na deni. Hilo ndilo lililomtisha.

Alikwenda parokiani saa kumi. Padri Henri alimkuta nje ya ofisi, akampa kiti na chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa padri aliyezika watu wengi. Katika miaka mitano ya vita vya waasi, kutoka Beni mpaka huku, alikuwa amezika watoto na bibi zao katika shimo moja.

"Kanisa haituambie tushikilie mwili kwa nguvu zote, mama," alisema. "Dawa ikishakuwa haiponeshe tena, inalemea tu, kuiacha haiko zambi. Kuua ni ingine kitu."

"Padri, mbele ya macho yangu nitaona ni kitu moja."

Padri Henri alimwongezea chai. "Ndiyo," alikubali. "Mu kitabu jibu iko. Pa kitanda, kitabu inakuwa mbali kidogo. Nitakuja. Sitakuacha usimame pale wewe moja."

"Na Edmond? Muloko wa bwana yangu, ndugu yake mudogo. Iko Beni. Kwa simu alisema kama ninatia sahihi, nisimuite tena shemeki."

"Basi usitie mbele hajakuja. Umungojee."

Edmond alifika siku iliyofuata, Jumatano, kwa pikipiki, vumbi la njia ya Beni likiwa limezifanya nywele zake nyekundu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Zamani alikuwa mkulima wa kakao upande wa Mbau. Sasa alikuwa anauza makala, makaa ya kupikia, kwenye kona ya barabara mjini Beni, kwa sababu mashamba yalikuwa yamebaki kwa waasi. Aliingia kwa kaka yake, akakaa huko robo saa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu kama nywele.

Walikutana nyuma ya jumba, kwenye vibanda vya kupikia, watatu tu: Edmond, Kavuo na Antoinette. Bugali wa mtu mwingine ulikuwa unatokota kando yao.

"Mwili yake iko moto," Edmond alisema. "Nilimushika. Mukono iko moto kabisa. Na munataka mumutie mu shimo?"

"Edmond, docteur alisema..."

"Docteur! Docteur haikuzaliwa naye!" Alipiga kelele, mwanamke wa bugali akageuka. Akashusha sauti. "Shemeki, uniskie. Tulisha acha mutu moja. Mutu wa pili, hapana. Mi siwezi."

"Tonton Edmond iko na haki," Antoinette alisema. "Mama, tungojee hata siku ya Mungu, Jumapili. Baliniambia mu maombi, siku ya Mungu kuko kitu itafanyika."

Kavuo alikuwa anamwangalia shemeji yake, maana alijua anamsema nani.

Krismasi ya mwaka juzi Maliro alikuwa amepanda kwenda Mbau kumsalimu mama yao, bibi Kaswera, aliyekuwa haendi tena kwa miguu yake. Siku ya pili yake, saa tisa mchana, risasi zilianza upande wa mto. Watu walikimbia na walichokuwa nacho mkononi. Ndugu wawili walijaribu kumbeba mama kwa shuka. Walifika kwenye uzio wa kakao, akaanza kulia kwa maumivu, na risasi zilikuwa zinakaribia. Bibi Kaswera akawaambia wamrudishe kitandani. Akawaambia waende. Maliro ndiye aliyesema, "Twende." Walirudi siku ya tano pamoja na wanajeshi. Nyumba haikuchomwa. Mlango ulikuwa umefungwa kama walivyouacha.

Maliro hakuwahi kuisimulia habari hiyo. Kavuo aliijua yote kwa kusikia mume wake anavyosema usingizini.

"Edmond," Kavuo alisema, "mama yetu alikufa na nini?"

"Unajua."

"Sema."

"Sitaki."

"Bale waasi balimugusa?"

"Hakuna mutu alimugusa." Edmond alikuwa anaongea na ardhi. "Tulimukuta chini. Kikombe ya maji ilikuwa pembeni ya mulango. Alitambaa aifikie. Hakuifikia."

Antoinette alijifunika kinywa. Hakuwa amewahi kuambiwa hivyo.

"Uniangalie, Edmond," Kavuo alisema. "Kitu inakukula ni nini? Ni kusema alikufa? Alikuwa mukubwa, alikuwa mugonjwa, angekufa. Inakukula sababu alikufa na hakuna mutu. Ndiyo ilikuwa inamukula hata yaya yako, kaka mukubwa. Mi nililala naye, najua. Sikuombe sahihi. Sahihi nitatia mi mwenyewe, na zambi kama iko, iandikwe kwangu. Nakuomba ukuje kesho asubuhi. Ukae pale. Umushike mupaka mwisho. Yeye tusimukimbie."

Edmond aliinuka akaondoka bila kuaga. Walimwona anashuka mlima kwa miguu, akipita katikati ya mikaratusi, mpaka akapotea.

"Umemuumiza," Antoinette alisema.

"Ndiyo."

"Na mi, unaniambia nini? Mi sikumuacha mutu. Mi nataka tu baba yangu."

Kavuo alitaka kumshika. Antoinette alirudi nyuma hatua moja, akachukua kikapu chake, akaenda kwenye maombi.

Alhamisi saa tatu asubuhi Edmond alikuwepo. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kuazima lililombana mabegani. Hakusema amekubali. Alivuta kiti upande wa kulia wa kitanda, akaketi, akauchukua mkono wa kaka yake akauweka katikati ya mikono yake.

Padri Henri alimpaka Maliro mafuta matakatifu kwenye paji la uso na viganjani. Kavuo alitia sahihi polepole, jina zima, kama alivyokuwa anaweka sahihi kwenye ripoti za shule za Antoinette. Antoinette mwenyewe hakubishana tena, ila alikataa kuingia. Alibaki kwenye ukumbi na wanawake wawili wa chumba cha maombi, na sauti zao zilipita chini ya mlango, zikiimba taratibu.

"Uko tayari, mama?" daktari aliuliza.

"Siko tayari. Mufanye."

Daktari na Elikia walifanya haraka na kwa heshima. Mpira ulitoka, na mashini ikanyamaza. Kavuo hakuwa ametambua jinsi kelele ile ilivyokuwa imeingia ndani yake kwa siku kumi na mbili.

Maliro alilala kimya. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, kinywa chake kilikuwa kinywa chake. Halafu kifua kikainuka.

Kikashuka. Kikainuka tena.

"Anapumua!" Edmond aliruka kutoka kitini, mkono wa kaka yake bado mikononi. "Yaya anapumua! Docteur, rudisha! Rudisha mashini!"

Mlango ulifunguka. Antoinette alisimama pale, akamwona baba yake anavuta hewa bila kitu chochote usoni, akapiga kelele, "Haleluya!" Wanawake wawili nyuma yake waliipokea, wagonjwa wa vyumba vingine waliipokea, na kwa dakika chache ukumbi mzima ulikuwa unamshukuru Mungu kwa nguvu.

Daktari Éliakim hakugusa kitu. Alimwangalia Kavuo. Alikuwa amemwambia mapema kwamba itakuwa hivi, na Kavuo alikuwa ameelewa. Lakini kuelewa maneno si kuona tumbo la mume wako linapanda na kushuka. Alilijua tumbo hilo. Alikuwa ameliwekea kichwa miaka thelathini na moja.

"Shemeki, sema!" Edmond alilia. "Uko unangojea nini? Sema barudishe!"

Kavuo aliinama karibu na uso wa Maliro. Aliita jina lake, la ubatizo kisha la nyumbani. Alifungua jicho lake moja kwa kidole, taratibu. Jicho lilitazama dari, halikumjua.

"Hapana," alisema. "Mumuache. Edmond, ukae. Nilikuomba ukae."

Edmond aliketi. Akauweka tena mkono wa kaka yake katikati ya mikono yake.

Maliro alivuta hewa saa nzima, kisha saa ya pili. Elikia alikuja mara mbili na sindano ya dawa ya maumivu. Wanawake wa maombi waliimba kwa nguvu saa ya kwanza; saa ya pili nyimbo zilipungua; karibu saa tano mmoja alisema ana mtoto wa kunyonyesha, wa pili akasema atamsindikiza. Wagonjwa waliokuwa wamekuja kuona muujiza walirudi vitandani mwao. Antoinette alibaki peke yake kwenye kizingiti, ameketi sakafuni, magoti kifuani, anaimba kwa sauti iliyokuwa imekauka.

Midomo ya Maliro ilikauka pia. Edmond aliomba maji. Elikia alimletea bilauri na pamba, akamwonyesha jinsi ya kulowesha bila kumpalia. Tangu hapo Edmond hakuacha. Alichovya pamba, akakamua, akapitisha kwenye mdomo wa chini, mdomo wa juu, akachovya tena. Alikuwa anamsemesha kwa Kinande, chini chini, mambo ya utotoni, majina ya mbwa na ya mito. Padri Henri alianza rozari, Kavuo akaitikia. Walipofika fumbo la nne Kavuo alisahau maneno ambayo alikuwa amewafundisha wengine.

Pumzi zikaanza kuachana. Moja, kisha kimya, kisha nyingine. Kila kimya kilipokuja, wote waliokuwa pale walisimamisha pumzi zao wenyewe. Kisha kifua kilipanda tena, na hakuna aliyeweza kusema kama kilichompata ni furaha au uchungu.

Saa sita na dakika ishirini kimya kilikuja kikakaa.

Daktari alisikiliza kifua, akaangalia saa yake, akavua miwani. Edmond alichovya pamba tena. Alilowesha mdomo wa chini, mdomo wa juu. Elikia alimshika kifundo cha mkono.

"Papa, alisha enda."

"Najua," Edmond alisema. "Nimalizie tu."

Walimzika Jumamosi. Mardochée alituma sanduku zuri la mninga na hakuja mwenyewe. Alimtuma dereva aseme patron ana huzuni, tena anashangaa, kwa sababu alikuwa ameahidi miezi mitatu. Dereva alilisema hilo kwa sauti, mbele ya wafiwa, kama alivyotumwa.

Katika siku za matanga Kavuo aliwahudumia watu chakula kwa mkono wake, na shangazi wa ukoo, mwanamke mzee wa Kyondo, alirudisha sahani. "Nitakula yenye mwingine alipika," alisema. Wengine walitazama pembeni. Edmond aliinuka kutoka upande wa wanaume, akaichukua sahani ile mikononi mwa Kavuo, akaila yote amesimama, polepole, mpaka ikaisha. Kesho yake alirudi Beni kwenye makala yake. Hakusema kwamba Kavuo alifanya vizuri. Alimwambia tu, akiwa ameshapanda pikipiki, "Shemeki, usiku nililala."

Jumapili ilipita. Hakukutokea kitu, ila mvua.

Antoinette hakumsemesha mama yake. Alimjibu alipoulizwa, alipika, alifua, alikwenda shuleni na kurudi. Kwenye chumba cha maombi hakurudi, na kwenye misa hakurudi. Majirani walisema binti hatamsamehe mama. Kavuo naye aliamini hivyo. Alijitayarisha kuishi na hilo kama mtu anavyojitayarisha kuishi na mguu mbovu.

Wiki ya tatu, mchana mmoja wa Jumamosi, walikuwa wameketi uani wanachagua maharagi, ungo mmoja katikati yao. Antoinette aliongea bila kuinua macho.

"Mama. Ile masaa tatu. Ulikuwa unawaza nini?"

Kavuo alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amelitoa kwa watu wote: alikuwa anasali. Lilikuwa jibu la kweli kwa nusu. Alishika harage moja lililotobolewa na wadudu, akalizungusha vidoleni.

"Mwanzo niliomba," alisema. "Nyuma nikachoka. Nyuma nikaanza kumuambia mu moyo, Léon, acha sasa. Acha. Kila akivuta ile hewa nilikuwa namukasirikia. Nilipenda aache, mutoto wangu. Ndiyo nilikuwa nawaza."

Antoinette aliacha kuchagua. Mikono yake ilibaki ndani ya ungo.

"Mi nilikuwa naimba," alisema. "Kinywa ilikuwa inaimba. Mu moyo nilikuwa nasema vilevile. Baba, acha. Baba, imetosha. Niko naimba haleluya na niko nasema acha." Alianza kulia bila sauti. "Ndiyo maana siwezi kukuangalia. Naogopa Mungu alisikia yangu."

Kavuo aliliweka lile harage bovu chini. Aliyaacha maneno ya rozari, ya misa, ya Padri Henri.

"Sijue alisikia ya nani," alisema. "Tulikuwa bengi tulimuita."

Antoinette alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Ungo ulipinduka, maharagi yakatawanyika uani, na kuku wa jirani wakaja wakayala. Hawakuwafukuza.